Kopo la Mvua la Otilia

Kila mwaka Isdori alikuwa wa kwanza kupanda mahindi katika mtaa wao, pembeni mwa Izia. Sifa hiyo aliirithi kwa baba yake, naye aliitunza kama koti la Pasaka. Wingu la kwanza likisimama juu ya ukingo wa bonde la Rukwa, yeye alikuwa tayari na jembe begani.

Mwaka 1992 wingu lilisimama, mvua ikanyesha siku mbili, na Isdori akapanda. Kisha jua likawaka wiki tatu. Miche yote ikakauka. Mwaka ule walikula ulezi mpaka ule waliouweka kwa ajili ya sikukuu.

Zamani mbegu zililetwa na chama cha ushirika. Siku hizi biashara ilikuwa huru, na mbegu bora ilikuwa dukani mjini kwa mwenye nazo. Mwaka uliofuata Otilia, mke wa Isdori na mama wa binti yao Rozina, aliuza mbuzi wake wawili akanunua mfuko mmoja. Hapakuwa na mbuzi wa tatu. Mfuko ule ukipotea, hawangekuwa na cha kupanda.

Kuuliza si ujinga. Otilia alikwenda kwa jirani yao, mzee Felisian. Mzee huyo alikuwa amefanya kazi ya kupima hali ya hewa miaka ishirini, mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi. Alimkuta jikoni, maharage yanachemka. Alimwamkia, kisha akamwuliza moja kwa moja kwa nini wingu liliwadanganya.

Felisian alitoa sahani ya bati kichanjani, baridi kabisa, akaishika juu ya mvuke wa sufuria. Punde sahani ikalowa.

"Hayo matone nani kayaweka?" aliuliza.

"Mvuke umepanda, umekuta baridi," alijibu Otilia.

"Basi umeshajua wingu linavyotengenezwa."

Akamweleza polepole. Jua hupasha moto maji ya ziwa, mito na udongo. Maji mengine hugeuka mvuke usioonekana, nao hupanda na hewa yenye joto. Kule juu kuna baridi. Mvuke hupoa, hushika kwenye vumbi laini la angani, na kuwa vitone vidogo sana. Vitone vingi vikiwa pamoja ndiyo wingu. Hata ukungu wa asubuhi ni wingu lililokaa chini.

"Kumbe nimetembea ndani ya mawingu miaka yote nikienda kisimani," alisema Otilia, akacheka kwa furaha. "Na lile la ukingoni?"

"Bondeni kuna joto. Hewa yake hupanda ukingo mpaka huku kwetu kwenye baridi. Mchana wingu hujengeka, na jioni mara nyingi hutawanyika. Linaweza kunyesha. Lakini halisemi kwamba msimu umeanza."

Alimfundisha mambo ya kufanya. Asikilize utabiri wa hali ya hewa redioni. Aweke kopo lenye upana sawa juu na chini mahali pa wazi, apime maji kwa rula kila asubuhi, ayaandike, kisha ayamwage. Na kabla ya kupanda, achimbe aone unyevu umefika wapi.

"Utabiri si kiapo," alisema Felisian. "Sikiliza redio, lakini na shamba lako lipime mwenyewe."

Katikati ya Novemba wingu likasimama ukingoni. Mvua ikapiga alasiri moja. Asubuhi majirani wakaingia mashambani, na Isdori akachukua jembe.

"Mama Rozina, nipe mbegu. Dalili ya mvua ni mawingu."

"Ni dalili tu, baba Rozina. Kwanza twende tukachimbe."

Kopo lilikuwa na milimita tisa. Shambani unyevu uliishia kina cha kidole, na chini yake palikuwa na vumbi. Redio nayo ilikuwa imesema mvua zitakuwa za hapa na pale. Jirani yao Mboje alipita na mbegu zake, akamtania Isdori kwamba mwaka huu amezeeka. Maneno hayo yalimchoma. Hata hivyo alilitazama lile vumbi, akarudisha jembe nyumbani. Siku mbili hakuongea na mkewe.

Jua likawaka. Miche ya majirani ikanyauka mbele ya macho yao.

Wiki ya kwanza ya Desemba mawingu yalitanda mbingu nzima tangu asubuhi. Mvua ikanyesha siku nne. Redio ikasema itaendelea. Otilia alijumlisha vipimo vyake akapata milimita hamsini na mbili. Isdori alichimba mwenyewe, na udongo ulikuwa na unyevu mpaka kina cha jembe. Wakapanda. Mahindi yakaota kila mstari bila pengo, na mavuno yakajaza ghala.

Msimu uliofuata wingu liliposimama tena, Mboje alikuja na wenzake kumwuliza Isdori kama wapande. Isdori alivuta pumzi, akawaambia kwa sauti ya kujivuna:

"Msiniulize mimi, wala lile wingu. Muulizeni mke wangu."

Waligeuka kumtafuta Otilia. Yeye alikuwa uani na rula mkononi, mbele ya kopo lililozungushiwa uzio mpya wa miti. Isdori ndiye aliyeujenga, kwa sababu mbuzi ambao Otilia aliwanunua baada ya mavuno walikuwa wanayanywa maji ya kipimo. Sasa walikuwa watatu.