Mwenye Nyumba Hana Haraka

Kwenye dirisha la dawa la hospitali watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Msusi, mkono umefungwa bandeji, aliangusha cheti chake, na kijana mmoja mwenye shati jeupe la pasi kali akakiokota.

“Pole, dada. Mkono umefanyaje?”

“Dari la saluni limeniangukia.”

“Lini?”

Wengine huuliza kama unauma. Huyu aliuliza lini. Akajicheka, akasema yeye ni wakili, maswali ya kazi humponyoka popote.

Wakapendana upesi. Jioni simu hazikupoa.

“Umelala, malkia?”

“Nitalalaje na mdomo huo?”

Lakini maongezi yakikolea tu, wakili anarudi palepale: “Fungua kesi, mpenzi. Ingekuwa ya ardhi, una miaka mingi. Ya mkataba nayo ina nafasi. Ya kuumia muda wake ni mfupi, na ukipita hakuna atakayekusikiliza.”

“Mwenye nyumba ya saluni amesema tutaelewana, nisiwe na haraka. Kila wiki ananijulia hali.”

“Ndicho kinachonitisha.”

Msusi akaingiwa na wasiwasi. Mbona ana haraka kuliko mgonjwa? Ananitaka mimi, au anataka kesi? Miezi ikapita hivyo, kisha Jumamosi moja akamwona wakili akitoka kwenye geti la mwenye nyumba, mzee amemshika bega kama mtu wake. Akapiga simu.

“Uko wapi?”

“Kazini, mpenzi.”

Akakata, na hakupokea tena.

“Usimwamini yeyote kati yao,” shangazi yake akamwambia. “Twende mahakamani tukaulize wenyewe.”

Karani wa masjala alisoma tarehe ya ajali, akaguna. “Mngekuja mwezi ujao, ningewarudisha nyumbani.”

Kumbe kuhusu sheria hakudanganya. Kesi ilipofunguliwa, msusi akamwita wakili kwenye ngazi za mahakama.

“Jumamosi ile ulifuata nini kwa mwenye nyumba?”

“Ni mjomba wangu. Ndiye aliyenilea. Nilikwenda kumsihi akutendee haki. Akaniambia nikuzungushe mpaka muda upite.”

“Ukamjibu nini?”

“Nimehama kwake.”

“Mbona hukuniambia, ukasema uko kazini?”

“Niliogopa ungetuweka kapu moja.”

“Ningewaweka.” Akamkazia macho, akitafuta uongo. Hakuuona, lakini moyo haukutulia wote. “Kesi yangu hutaigusa. Nimepata wakili mwingine.”

“Ni sawa. Hata mimi nisingeweza.”

“Na shangazi anataka kukuona. Leo. Ana maswali, na hana utani.”

“Nitayajibu yote.”

Wakashuka ngazi bega kwa bega, bila kushikana mikono bado.