Mipasuko ya Joho la Nilsa

Sikwenda kuroga mtu. Nilikwenda kufua.

Ilikuwa Alhamisi, giza linaanza kuingia, nami nateremka ngazi za Vunja-Mgongo na mfuko mweusi wa takataka begani. Ndani ya mfuko mlikuwa na joho la Nilsa. Lilinuka mvinyo, sigara, dagaa wa kuchoma na jasho la miaka mitatu. Yeye alilitundika nyuma ya mlango, akaenda zake kucheka na watu. Mimi ndiye niliyekuwa nalala nalo ukuta mmoja.

Nilsa alikuwa msichana wa Mindelo, nami natoka Fogo, kisiwa kingine cha nchi hiyo hiyo ya Kaboverde. Tulikuja Coimbra, mji wa chuo huko Ureno, mwaka mmoja, yeye sheria, mimi ufamasia, tukapanga nyumba pamoja kwa sababu hakuna mwingine aliyetutaka. Hapo ndipo kufanana kwetu kulipoishia. Mimi nilikuja kusoma. Yeye alikuja kuwa mtu wa Coimbra kuliko wenyewe. Wiki ya tatu tu, keshanunua joho jeusi la wanafunzi! Mtu wa kisiwa cha jua anatembea mwezi wa sita na sufu hadi visigino, jasho linamtiririka, ati ndiyo mila. Nyoo!

Na mila yenyewe sasa. Mtu akikupenda anakupasulia joho lako kwa meno. Familia wanang'ata upande wa kushoto, marafiki upande wa kulia, mpenzi katikati mgongoni. Na joho halifuliwi, kamwe, kwani ukilifua umefuta yote. Watu wana digrii mbili, wanaamini hivyo. Halafu hao hao ukiwaambia kwetu kuna wachawi, wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Nilsa alikuwa na mipasuko ishirini na mitatu. Naijua idadi kwa sababu kila jioni alilikunjua joho mezani, pembeni ya bakuli langu la supu, akanitajia.

"Huu wa mzee Abílio wa kahawa. Huu wa Tainara. Na huu, ona Odete... huu wa mama."

Krismasi alilibeba mpaka Mindelo ili mama yake, Bi Arminda, aling'ate. Bi Arminda ana pengo mbele, kwa hiyo mpasuko wake ulikwenda upande, ukapinda. Nilsa aliubusu. Mbele yangu, nakula.

Bi Arminda mwenyewe alikuwa anafika Jumamosi. Hajawahi kupanda ndege maishani. Alikuwa anakuja kumwona binti yake akiandamana na wahitimu, na Nilsa hakuwa na neno jingine mdomoni. Mama atapenda hiki, mama atashangaa kile. Mama, mama, mama.

Wangu alikwenda Rotterdam nikiwa na miaka sita. Basi. Hayo tuyaache.

Kwa hiyo nilijiambia namfanyia hisani. Mama wa watu asije akadhani mwanawe analala zizini. Nilsa yuko kwenye mazoezi ya maandamano, mimi nina saa moja, sabuni ninayo. Nikateremka.

Kwenye duka la mashine za kufulia hapakuwa na mtu isipokuwa bibi mmoja. Mtandio mweusi kichwani, mikono mapajani. Mashine zote zimezimwa. Hana nguo, hana kikapu. Amekaa tu.

Nilipolitoa joho, akanusa.

"Binti," akanong'ona. "Hilo halifuliwi."

"Linanuka, bibi."

"Linanuka watu."

"Ndiyo maana linafuliwa."

Nilidhani atanigombeza. Wazee wa mji huu wana midomo. Lakini alininyooshea kidole, taratibu, mpaka kwenye pindo la kulia.

"Wako uko wapi hapo?"

"Wangu nini?"

"Mpasuko wako."

Nikahisi uso unachoma. Nani kamwambia huyu? Nilsa alimwomba muuza kahawa amng'atie. Alimwomba Tainara, waliyejuana kwenye foleni ya kula. Alimwomba fundi wa mabomba! Mimi niliyempikia uji alipougua, niliyemfungulia mlango saa ngapi sijui amesahau funguo, miaka mitatu... hakuniomba.

"Sina," nikasema.

"Basi wewe halitakugusa."

Akainuka, akatoka. Sikusikia hatua zake.

Nikatumbukiza sarafu. Mashine ikaanza kuzunguka.

Mwanzo ilikuwa sauti ya kawaida ya maji. Kisha ikaingia nyingine.

Tk... tk... tk...

Nikadhani nimesahau sarafu mfukoni. Lakini joho halina mfuko. Nikasogeza sikio kwenye kioo. Ilikuwa sauti ya meno. Meno mengi yanagongana, kama watu wanaotetemeka kwa baridi. Nyuma ya meno, watu wanaongea. Mbali, kama wako chumba cha pili. Kuna aliyecheka. Nikakijua kile kikohozi cha mzee Abílio.

Juu kilimani kengele ya chuo, ile wanayoiita Mbuzi, ikalia.

Sauti moja ikanyamaza. Halafu nyingine. Nikasimama pale na sabuni mkononi, nasikiliza watu wakipungua. Kitufe cha kusimamisha kilikuwa pale, mbele ya pua yangu. Sikukibonyeza.

Mwisho ikabaki moja, ya mwanamke, inaimba polepole, wimbo wa kubembelezea mtoto.

Nayo ikakatika.

Nilipofungua, joho lilikuwa limekauka. Mashine ya kufulia haikaushi, lakini limekauka. Halikunuka kitu, hata sabuni. Nikalikung'uta. Nikalinyoosha mbele ya taa, nikatafuta kushoto, nikatafuta kulia.

Zima.

Hapakuwa na mpasuko hata mmoja. Wala hapakuwa na uzi, wala alama ya kushonwa. Ndani ya kola kulikuwa na jina lake, alilolitarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu, kwa hiyo nisingeweza hata kujidanganya kwamba nimebeba la mwingine.

Nilimkuta Nilsa ameshafika, yuko jikoni anakoroga kachupa, ule mchuzi wetu wa mahindi na maharage. Akaniona na joho. Akazima jiko. Akalichukua, vidole vikaenda moja kwa moja kushoto, pale pa mama yake. Vikapapasa. Vikapapasa tena.

"Odete. Umefanya nini?"

"Nimelifua. Lilikuwa linanuka."

"Mama yangu yuko wapi?"

"Mama yako yuko Mindelo, Nilsa, acha uchuro. Ni kitambaa."

Akapiga simu, akaweka sauti ya juu.

"Mama! Mama, sikiliza, kuna jambo limetokea..."

Ikaja ile sauti ya upole niliyoizoea kila Jumapili.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe nani, mwanangu?"

"Nilsa!"

"Aa, hapana. Nilsa wangu namjua sauti." Hakukasirika. Hilo ndilo lililonisisimua mwili, hakukasirika hata kidogo. "Umekosea namba. Usilie, eh? Piga tena taratibu, utampata mama yako."

Akakata.

Nilsa akapiga mara tisa. Mara ya kumi haikupokelewa.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwa mzee Abílio. Nilimfuata, nikijidai nataka mkate. Kikombe cha Nilsa kilikuwa juu ya rafu, kile cha buluu, ambacho mzee hakuwa anampa mtu mwingine. Mzee akamtazama, akatabasamu vizuri kabisa.

"Karibu Coimbra, binti. Umefika lini?"

Tainara alimpita barabarani akiwa anaongea na simu. Nilsa akamshika mkono. Tainara akauchomoa, akakumbatia mkoba wake kifuani, akaongeza mwendo.

Na mimi? Mimi nilimkumbuka vizuri sana. Kila kitu. Hata nilivyomchukia.

Jioni ile akaja chumbani kwangu. Hajawahi kubisha hodi miaka yote, siku hiyo alibisha. Macho yamevimba, joho mkononi.

"Odete, wewe bado unanijua?"

"Nitaachaje kukujua, na kelele zako zile?"

Akacheka kidogo, akalia, akapiga magoti pembeni ya kitanda.

"Basi nipasulie. Popote. Hata kidogo tu, niwe na wa kunijua. Mama anafika kesho, Odete. Hana mtoto mwingine. Nakuomba, dada yangu."

Dada yangu! Leo ndiyo nimekuwa dada. Alipokuwa na watu ishirini na watatu nilikuwa ukuta. Nikamtazama pale chini, kamasi zinamtoka, binti wa mila, na nitasema ukweli kwa kuwa hakuna faida ya kuuficha sasa. Nilimdharau. Nilitaka akae usiku mmoja tu mahali nilipokaa mimi miaka yote. Usiku mmoja. Kesho ningempasulia.

Nikachukua pindo la kulia, nikalitia mdomoni. Halikuwa na ladha yoyote. Nikabana meno, nikakaza shingo, nikatoa mguno.

"Mbona halipasuki?" akanong'ona.

"Gumu."

Halikuwa gumu. Sikuvuta.

Jumamosi mchana, jua kali, tulikuwa kituo cha treni pamoja. Aliniomba niende nimsaidie kumweleza mama yake. Alikuwa hashiki kitu kikakaa mkononi, kwa hiyo joho nililibeba mimi. Njiani nilisema moyoni, tukifika nitaling'ata kweli. Nilikuwa nimeshaamua. Treni ya Lisbon ikaingia kabla ya wakati.

Bi Arminda akateremka wa mwisho. Mdogo kuliko nilivyomwona kwenye picha. Koti la kanisani, mfuko una jibini ya mbuzi na unga wa mahindi. Akaweka mfuko chini, akaangaza macho mpaka yakatua kwenye joho.

Nilsa akakimbia, mikono wazi.

"Mama!"

"Samahani, mwanangu," Bi Arminda akasema, akampisha, kama unavyompisha mtu mlangoni. Akaja mbele. Anacheka, pengo lote nje, machozi yanamtoka.

Akaja kwangu.

"Nilsa! Nilsa wangu! Mbona umekonda hivi?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nawaapia, niliufungua. Lakini alikuwa ameshanikumbatia. Ananuka mafuta ya kukaangia na poda ya watoto. Kichwa chake kinaishia kidevuni kwangu, mikono yake inanisugua mgongo, juu, chini, juu, chini. Tangu nina miaka sita hakuna mtu aliyenishika namna ile.

Nikaufunga mdomo.

"Na hili mbona zima?" Akalivuta joho mkononi mwangu. "Miaka mitatu na hakuna aliyekupasulia? Watu gani hawa! Lete."

Akainamisha kichwa kwenye pindo la kushoto.

Crrr...

Lilipasuka kirahisi, kama karatasi iliyolowa. Mpasuko ukaenda upande, ukapinda. Palepale. Nami nikahisi kitu kinanibana chini ya mbavu za kushoto, si maumivu, kama mtu amefunga fundo. Hakijafunguka mpaka leo.

Nilsa alikuwa amesimama pale pale alipopishwa. Mikono yake ilikuwa bado wazi. Hakupiga kelele. Ningemshukuru kama angepiga kelele, kama angenirukia akaning'oa nywele.

Bi Arminda akageuka.

"Yule binti analia nini? Unamjua?"

Watu wanapita na mabegi. Mtu anatangaza treni ya Porto.

"Simjui, mama."

"Maskini. Labda aliyekuja kumpokea hakutokea. Mpelekee maji, mwanangu."

Nikatoa chupa kwenye mkoba wangu. Hatua kama kumi hivi. Sikuthubutu kumtazama usoni, nilitazama viatu vyake. Akapokea chupa kwa mikono miwili, kwa adabu, akanywa, akajifuta mdomo.

"Asante, dada," akasema taratibu. "Mama yako anakupenda sana."

Alikuwa ananisuta? Au alikuwa ameshasahau na yeye? Ningeweza kumuuliza. Ningeweza kuling'ata joho pale pale, kulikuwa bado na upande mzima wa kulia.

Lakini mama alikuwa ananiita.