Jina la Mama

Kila Jumamosi asubuhi kazi ya Redio ilikuwa kuanika nguo. Wiki ile kamba ilielemewa kwelikweli: shuka, nepi kumi na mbili, na vishati visivyozidi kiganja. Mdogo wake wa kike alikuwa na siku nne tu duniani, na tayari alikuwa akichafua nguo kuliko nyumba nzima. Redio, aliyepewa jina hilo la utani kwa sababu habari haikulala mdomoni mwake, hakulalamika. Miaka kumi na mmoja alikuwa mtoto wa pekee. Sasa naye alikuwa dada mtu!

Jambo moja tu lilimkosesha raha: mtoto hakuwa na jina. Katika familia yao kila mtoto hupewa jina la ndugu, na wazazi walikuwa bado hawajaamua la nani.

Alikuwa akibana nepi ya mwisho chini ya dirisha la chumbani aliposikia sauti ya mama yake.

"Basi tumpe jina la mama."

"Hapo umesema," baba akajibu. "Limekwisha hilo."

Redio hakungoja neno jingine. Nyumbani kwao kila mtu mzima alimwita bibi mzaa baba "mama". Jina la bibi! Akaliacha beseni palepale, akatimua mbio hadi kwenye chumba cha kushonea cha bibi yake.

Bibi alikuwa ameuma pini mbili, akipinda suruali ya mteja.

"Bibi! Bibi! Mtoto ni wajina wako!"

Pini zikaanguka. "Usinitanie, wewe mtoto."

"Nimesikia kwa masikio yangu! Baba amesema limekwisha."

Bibi akapiga kigelegele kilichowatoa watu madukani. Kinyozi wa jirani alitoka na mashine mkononi akidhani kuna ugomvi.

"Nimepata wajina!" bibi akamwambia. Akamwambia na muuza mkaa. Kisha akatoa blanketi jeupe la mtoto, akaanza kutarizi jina lake kwa uzi wa buluu. Redio alirudi nyumbani akirukaruka.

Alimkuta baba uani.

"Njoo nikupe siri, dada mkubwa," baba akasema. "Kesho bibi yako wa posta anakuja. Hajui kwamba mtoto tumempa jina lake."

Bibi wa posta ndiye aliyemzaa mama. Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu.

"Lake yeye?" Redio akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Wewe una jina la shangazi, upande wangu. Sasa ni zamu ya upande wa mama yako."

Wazo la kwanza la Redio lilikuwa kunyamaza, na kesho ajifanye hajui lolote. Lakini akamfikiria bibi akiingia na lile blanketi, akilifungua mbele ya mwenzake. Hakuweza.

"Baba, nimeharibu," akasema, akaeleza yote.

Baba alishika kiuno. "Habari ilitoka mdomoni mwako. Marekebisho nayo yatoke hapohapo. Nenda, na usimung'unye maneno."

Safari hii Redio hakukimbia. Bibi alikuwa amefika herufi ya tano.

"Bibi, nilikosea. Nilisikia 'jina la mama', nikakuletea bila kuuliza mama yupi. Ni bibi wa posta. Nisamehe."

Sindano ikasimama. Kinyozi, aliyekuwa mlangoni kwake, akajifanya anapangusa kioo. Redio alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kumbe," bibi akasema taratibu. "Na mimi mtu mzima nimeshangilia bila kuuliza. Ulipozaliwa wewe, mimi mwenyewe ndiye niliyesema mtoto wa pili awe wa wenzetu. Furaha imenisahaulisha." Akafuta jicho kwa ncha ya kilemba, kisha akamsogezea kiti na wembe mdogo. "Haya, mwenzangu. Kaa ufumue. Ukimaliza, kinyozi na muuza mkaa utawaambia mwenyewe."

Redio alifumua uzi mmoja mmoja, pumzi ameibana, asije akalichana blanketi. Alitumia saa mbili nzima. Kisha bibi akatarizi jina jingine.

Kesho yake bibi wa posta alilikunjua blanketi mapajani. Akavaa miwani. Akasoma mara mbili.

"Hili si jina langu?"

"Ni la mtoto," bibi mshonaji akajibu, "lakini atakuazima."

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Mtoto akaamka, akalia kwa hasira, na wote wakacheka zaidi. Mabibi wawili wakanyang'anyana kumbembeleza.

Mama akamvuta Redio kando. "Kupenda kuwapasha watu habari si kosa, mwanangu. Ila uliza kwanza, uhakikishe. Na kama habari ni ya mwingine, mwachie mwenyewe aitoe. Ukikosea, rudi useme ukweli, kama ulivyofanya jana. Ungenyamaza, leo bibi angeumia mbele za watu."

"Nimeelewa, mama."

"Haya, nenda ukawaite majirani."

Redio alifika mlangoni, akasita, akageuka. "Bibi wa posta, habari hii ni yako. Unataka kuisema wewe?"

Bibi wa posta alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake.

"Nishike mkono, mjukuu wangu," akasema. "Tunaanza na nyumba ipi?"