Pengo Ukutani

Kila siku Bochaberi alitoka shuleni, akala ndizi za kuchemsha zilizobaki, akachukua kikapu na kwenda kuchuma majani ya chai nyuma ya nyumba yao, huko Manga. Alifanya yote vizuri. Tangu mama yake azikwe mwezi wa nne, hakuwa amelia hata mara moja, na majirani walimsifu kwamba ni mtoto jasiri. Jasiri wapi! Alikuwa amekufa ganzi tu. Hakuhisi njaa wala baridi.

Shangazi Purity, dada ya baba yake, ndiye aliyekuja kukaa nao. Alikuwa fundi wa cherehani, naye hakutaka nguo za marehemu ziliwe na nondo sandukuni. Angezikata vipande, aviunganishe viwe blanketi la kitanda cha Bochaberi. Lakini kwanza walitengeneza ukuta wa kupangia vipande hivyo. Baba alipigilia fito nne sebuleni, wakatandaza juu yake blanketi kuukuu lenye manyoya. Kitambaa kikibandikwa hapo kiling'ang'ania chenyewe, bila pini wala gundi.

"Tusiwe na pupa," shangazi alisema. "Tutavipanga, tuvitazame siku tatu nne, tuvihamishe. Sindano baadaye."

Vipande vikapanda ukutani kimoja kimoja. Katikati, shangazi aliacha nafasi ya gauni la kijani, lile ambalo mama alilivaa kanisani kila Sabato.

"Bocha, gauni la kijani liko wapi?"

Lilikuwa chini ya godoro la Bochaberi mwenyewe. Hakutaka mkasi uliguse, basi. Mdomo ukajibu kabla hajafikiri: "Labda Nyanchoka alilichukua, siku ile alipotusaidia kufua."

Nyanchoka alikuwa rafiki yake wa darasa moja. Kesho yake shangazi alimwuliza kisimani, mbele ya watu waliokuja kuteka maji. Msichana wa watu akaapa, akalia. Tangu hapo akawa anapita njia nyingine kwenda shuleni, na darasani wenzake wakaanza kufunga mikoba yao kila alipokaribia. Bochaberi aliona yote hayo. Alifungua daftari lake, akaendelea na hesabu.

Lakini nyumbani pengo lilimtazama. Akila, liko mbele yake. Akisoma, liko mbele yake. Siku ya nne shangazi alikata kitambaa cheupe, akakibandika katikati ya ukuta.

"Tushone tu," alisema huku akitunga uzi. "Mwizi hawezi kuturudishia."

Mwizi! Neno hilo lilimchoma Bochaberi kifuani. Kilikuwa kitu cha kwanza alichokihisi tangu mazishi, nacho kilikuwa aibu. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia hapo. Akaenda chumbani, akarudi na gauni, akaliweka mapajani mwa shangazi.

"Nililificha mimi. Niliogopa utalikata. Nyanchoka hakuchukua kitu."

Shangazi hakupiga kelele. Alilikunja gauni vizuri, akaliweka kando.

"Kama ungeniambia hutaki likatwe, mwanangu, nisingelikata. Na mimi pia nimekosa, nimemwaibisha mtoto wa watu bila ushahidi." Akaweka sindano chini, akaelekeza kidole ukutani. "Unaona? Kipande kilichokaa vibaya pale nakihamisha kwa mkono mmoja. Kikishashonwa, lazima nikifumue uzi kwa uzi, na matundu yanabaki. Uongo ni vivyo hivyo. Ungesema siku ile ile, tungeusahihisha hapa nyumbani. Huu wako tumeshaushona, tena mbele ya watu. Vaa viatu."

"Tunaenda kwao?"

"Tunaanzia kisimani, wakati huu watu wako wengi. Hapo ndipo tulipomwaibisha. Wewe utasema kwanza, halafu nitasema mimi."

Bochaberi alifunga kamba za viatu. Safari hii alivihisi vidole vyake vyote kumi.