Diski Iliyong'olewa Asubuhi

Mimi siongopi, na wanaonijua wanajua. Hili lilimkuta sahibu yangu, fundi wa mtambo unaohifadhi faili za hospitali. Asubuhi aling'oa diski iliyokufa, akaitia mkobani. Mchana akarudi, mkoba ungali mgongoni, kuweka programu ya kurekebisha hitilafu.

"Ukipoteza faili za wagonjwa, kibarua kimeota nyasi," bosi akamwonya.

"Mama, hiyo kwangu ni kama kunywa maji!" fundi akamjibu.

Ili mtambo uanze upya, alizima umeme wa chumba na kuchomoa nyaya zote; chumba kisicho na dirisha kikawa giza totoro. Ndipo akasikia diski ikizunguka: vuuu, tik-tik. Akawaza: diski ikiandika na umeme umekatwa, faili zimeharibika! Akabandika sikio kwenye mtambo. Kimya. Mlio ulikuwa mgongoni kwake, na mkoba ulikuwa wa moto.