Baada ya Salamu

Kila jioni, jua dogo la Mirihi lilipozama nyuma ya kuta za kioo za mji wa Jabali Jekundu, Mtunzanakala alianza kugawa sauti za nyumbani. Vidirisha vya ukutani viliwaka buluu katika kila chumba, na watu wakaweka vijiko chini ili wasikilize.

Mtunzanakala alikuwa seva iliyosimama kati ya wakazi wa mji na mtandao wa Dunia. Njia ya mawimbi kati ya sayari hizo mbili ilikuwa nyembamba. Kwa hiyo kila kilichowahi kuombwa kutoka Dunia, yeye alikiwekea nakala ghalani, na mtu akikiomba tena alipewa nakala hiyo. Bila yeye, mji mzima ungekaa kimya ukisubiri.

Kwa wiki nyingi Tumpale, fundi wa mtandao, alikuwa akimsikia mama yake kutoka Tukuyu akisema, "Mwanangu Tumpale, salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo? Sisi hatujambo kwa neema yake. Majirani wote wanakusalimu. Mvua inanyesha, Mungu ni mwema." Hapo jogoo aliwika. "Baada ya salamu, baba yako anaendelea vizuri. Leo ametembea na mkongojo mpaka kwenye migomba."

Nyuma ya sauti hiyo mvua ilipiga bati. Tumpale alifumba macho akaona ukungu ukiteremka kutoka mlima Rungwe, na moshi wa kuni mbichi ukitafuta njia ya kutoka jikoni. Mirihi hapakuwa na mvua.

Lakini baba alitembea mpaka kwenye migomba wiki hii, na iliyofuata, na nyingine tena. Tumpale alidhani uzee umeanza kumchukua mama. Siku moja, akiwa amechoka na kazi, alimjibu, "Mama, haya umeshaniambia. Usirudierudie, nimesikia."

Jibu lilikuja jioni moja. "Tumpale. Sawa. Sitakusumbua tena."

Basi. Hakuna jina la Bwana, hakuna majirani, hakuna mvua. Tumpale alipiga magoti kando ya kitanda, lakini maneno ya sala hayakuja. Alikaa hivyo hivyo, akiamini kwamba Mungu husikia hata anayenyamaza.

Asubuhi alimkuta mwenzake Mwakio katika chumba cha seva, akibanwa na mwanamke mmoja mtu mzima.

"Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwashitaki. Mjukuu wangu wa Pangani kila wiki ananiambia anaoa mwezi ujao. Harusi gani hiyo haifiki? Au bibi harusi anatoka Mshtarii?"

"Labda mahari haijakamilika," alisema Mwakio.

"Nyamaza wewe! Gauni nimeshashona."

Tumpale alisogea. "Bi Raya, mjukuu wako huanzaje kuzungumza?"

"Huanza kama mtoto aliyelelewa. Asalaam aleikum bibi, umeamkaje, miguu inakusumbua? Mama anakusalimu, baba anakusalimu, hata paka anakusalimu. Nimemfunza mwenyewe."

"Na wewe Mwakio, kaka yako huanzaje?"

"Kaka yangu hasalimii. 'Mwakio, trekta limekufa.' Ndiyo salamu yake."

"Hana adabu," alisema Bi Raya.

"Hana. Lakini habari zake zote ninazipata."

Tumpale alimkumbuka yule jogoo. Kila wiki aliwika palepale, baada ya neno lilelile. Mama anaweza kurudia maneno. Jogoo je?

Walifungua kumbukumbu za mashine, na kosa likaonekana. Ili asiijaze njia ya mawimbi, Mtunzanakala aliagiza kwanza maneno ya mwanzo tu ya kila ujumbe. Yalipolingana na ya nakala iliyomo ghalani, aliamua kwamba hakuna jipya, akatoa nakala ya zamani. Yaliyobaki hakuyaomba. Waliomtengeneza walidhani mtu huanza na habari yake. Hawakujua kuna watu ambao kwao habari hungoja mlangoni mpaka salamu zimalizike.

"Dawa ni rahisi," alisema Mwakio. "Tuwatangazie watu wafupishe salamu."

"Mama yangu ameshafupisha," Tumpale alijibu. "Sitaki kuusikia tena ujumbe ule. Mashine ndiyo isome mpaka mwisho."

"Mechi za mpira zitakwamakwama kwenye vidirisha. Watatutukana."

"Watutukane."

Alibadilisha agizo, kisha akaziomba upya jumbe zote za mama zilizobaki Dunia. Zilichukua muda kufika. Bi Raya, bila kuelezwa, alivuta kiti akaketi naye.

Salamu zilikuwa zilezile. Baada ya salamu, baba amerudi kitandani. Baada ya salamu, baba anauliza kama Tumpale anaweza kumwimbia ule wimbo wa kanisani waliokuwa wakiimba jioni, anausubiri. Kisha, "Sisi hatujambo kwa neema yake. Majirani wote wanakusalimu. Mvua inanyesha, Mungu ni mwema. Baada ya salamu, mwanangu, baba yako tumemzika Alhamisi."

Ujumbe huo ndio aliokuwa ameujibu: usirudierudie, nimesikia.

Bi Raya alimshika mkono. Mwakio alitoka nje, akawazuia mlangoni watu waliokuja kulalamika.

Tumpale alirekodi jibu palepale. Alimwamkia mama, akasalimia majirani kwa majina, mmoja mmoja. Alipolifikia jina la baba alikatiza salamu. Kisha akauimba ule wimbo wote, kwa sauti iliyokatikakatika, na baada ya wimbo akaeleza habari ya mashine, akaomba radhi.

Siku tatu kidirisha hakikuwaka. Jioni ya nne kikawaka.

"Mwanangu Tumpale, salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo? Sisi hatujambo kwa neema yake. Majirani wote wanakusalimu. Mvua inanyesha, Mungu ni mwema."

Neno kwa neno, kama nakala. Jogoo hakuwika.

"Baada ya salamu," mama alianza, na hapo ndipo jogoo akawika.