Nilimwita Wifi Yangu Mchawi, Kumbe Ni Ugonjwa Ulionibakia

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja wa kike. Tunaishi Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Haya ninayoyaandika hata mchungaji wangu sijamweleza yote... Nawaambia ninyi msionijua, maana kukaa nayo kifuani nimeshindwa.

Nianzie pale nilipougua.

Ilikuwa wakati ule wa korona, watu wanajifukiza kwa majani na malimao, wengine hata jina la ugonjwa hawataki kulitaja, wanasema tu "changamoto ya kupumua". Mimi ilinianza kama mafua. Siku ya nne nikawa siwezi kumaliza sentensi darasani bila kusimama nivute pumzi. Siku ya sita mume wangu, Elia, alinibeba mgongoni kunitoa chumbani hadi kwenye gari.

Nililazwa siku kumi na moja, nikipumulia oksijeni. Mama wa kitanda cha jirani tulisalimiana asubuhi, jioni godoro lake lilikuwa limekunjwa. Sitaki kueleza zaidi.

Na nyumbani? Binti yetu Tabitha, wakati huo ana miaka mitano, alibaki na nani? Alibaki na Sechelela, mdogo wake Elia. Seche alikuwa na miaka ishirini na nne, mchumba wa watu, barua ya posa imeshapokelewa. Aliposikia nimezidiwa alipanda basi kutoka kijijini kwao upande wa Mtera, akaja. Ndugu zangu wa damu walipiga simu. Yeye alikuja!

Niliporuhusiwa kutoka hospitali, ndiye aliyeniosha. Majirani walipita mbali na mlango wetu, wengine wakisalimia huku wameziba pua kwa kanga. Seche alinikalisha kwenye kigoda uani, akanimwagia maji ya vuguvugu, akanisugua mgongo kama mtoto mchanga. Uji alinipulizia kijiko kwa kijiko.

Daktari aliniambia neno moja siku ile ya kutoka. Alisema nimepona, lakini mwili utachukua muda, na nikiona jambo nisilolielewa nirudi kliniki. Alinipangia nirudi baada ya mwezi.

Sikurudi. Nirudi kutafuta nini kule, nikafie kwenye kitanda kile kile? Na watu wanione tena pale, waseme bado ninao?

Mwezi wa kwanza nilijipa moyo. Wa pili nikaanza kuogopa... Nikitoka chumbani kwenda chooni, moyo unanidunda kama muheme, ile ngoma yetu ya Kigogo, hadi nishike ukuta. Nywele zilitoka kwa mafungu. Nikilala usingizi haunichukui, nikikaa siwezi kutulia, nikisimama miguu inatetemeka. Nilizunguka ndani ya nyumba ile kutwa nzima kama mtu aliyepoteza kitu na hajui ni kitu gani.

Darasani ndiko aibu iliko. Siku moja nilikuwa nafundisha kugawanya, chaki mkononi, ghafla nikasahau ninafanya nini. Nilisimama tu naangalia ubao. Mtoto mmoja wa mbele akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, tuendelee kuandika?" Nikatoka nje, nikalia nyuma ya choo cha walimu.

Nilipomweleza Elia alinijibu bila ubaya, lakini jibu lake lilinifunga mdomo. "Mama Tabitha, umeshapona. Daktari mwenyewe alisema. Jikaze." Nikajikaza. Tangu siku hiyo sikumwambia tena.

Sasa sikieni kilichonipoteza kabisa.

Tangu hospitali nilikuwa sinusi wala kuonja chochote. Mwezi wa tatu harufu ikaanza kurudi. Nilimshukuru Mungu! Lakini ilirudi imepinda. Kitunguu kikikaangwa nilisikia mpira wa gari unaungua. Nyama ilinuka panya aliyekufa. Chai, sabuni, hata shingo ya mume wangu... vyote vilikuwa na uvundo ule ule. Nikitia tonge mdomoni, natapika. Nilikonda hadi sketi za kazini nikawa nazifunga kwa pini.

Na chakula alikuwa anapika nani? Seche.

Wazo hilo sikulizaa peke yangu. Lilipandwa na jirani yangu, Mama Jesca, mwanamke wa maneno mengi ninayemuita rafiki. Aliniuliza mbona Elia anakula anashiba, mtoto anakula ananenepa, natapika mimi tu? Akaniuliza huyo wifi ataondoka lini. "Wifi si ndugu, mwalimu," akasema. "Fungua macho."

Nikayafungua, na kila nilichokitazama nikakiona kibaya. Seche akiimba jikoni, najiuliza anaimba nini. Akimbeba Tabitha, namnyang'anya. Siku moja nilijifungia jikoni nikakaanga yai mwenyewe, kwa mikono yangu, kwenye sufuria niliyoisugua kwa mchanga. Likanuka mpira! Mtu mwenye akili timamu angeelewa hapo hapo kwamba kasoro iko puani mwake. Mimi nikasema, kumbe ameshaharibu hata vyombo!

Jumapili moja baada ya ibada walikuja wageni. Mshenga wa Daudi, mchumba wake Seche, pamoja na shangazi yake Daudi. Daudi ni fundi umeme wa kule Ihumwa, kijana mtulivu. Kwa kuwa baba yao Elia ni marehemu, siku ya ndoa ilikuwa ipangwe pale sebuleni kwetu. Seche alikuwa amevaa gauni la bluu. Alipika kuku wawili na wali. Aliwapigia magoti wageni, "Shikamoo shangazi, shikamoo baba," akawanawisha mikono.

Harufu ya kuku wale ilinipanda kichwani. Moyo ukaanza kudunda, jasho likanitoka. Sikuweza kukaa. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Shangazi akaniuliza kwa wema kama najisikia vibaya.

Nikajibu, "Huyu mnayetaka kumchukua ndiye anayejua kwa nini najisikia vibaya. Mwezi wa tatu sasa ananilisha madudu. Msimchukue! Ni mchawi."

Elia alisema, "Roda!" Jina langu, ambalo hakuwahi kuliita mbele ya wageni.

Seche alikuwa ameshika jagi la maji. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema taratibu tu, "Wifi... mimi nilikuosha."

Mshenga aliweka chini soda yake ambayo alikuwa hajaimaliza. Waliaga kwa heshima zote, wakasema watarudi. Jioni ile ile Seche aliondoka na mkoba wa mkononi, akaenda kukaa kwa rafiki yake Ihumwa. Elia alihamia kwenye kochi la sebuleni. Na mimi? Nilijiona nimeshinda!

Lakini mbona uvundo haukuondoka? Wiki mbili nzima nilipika mwenyewe, na kila kitu kilinuka vile vile. Hata hapo sikujiuliza.

Ikafika Jumamosi. Elia, ambaye ni dereva, alikuwa amesafiri kikazi. Gesi ilikuwa imeisha, nikaletewa mtungi mpya, nikafunga mpira wake mwenyewe. Hayo ndiyo mambo aliyokuwa akiyafanya Seche. Nilidhani nimekaza. Nikapitiwa, nikaacha na swichi ya jiko wazi au sikuacha... hadi leo sikumbuki. Upepo wa Dodoma ulikuwa unavuma na vumbi lake, kwa hiyo madirisha yote nilikuwa nimeyafunga. Nikaenda kukusanya madaftari ya wanafunzi, nikasahau chai niliyotaka kuchemsha, nikarudi jikoni baada ya muda.

Tabitha alikuwa amekaa kwenye mkeka pale jikoni na mdoli wake. Akaniambia, "Mama, kunanuka."

Nilimjibu, "Kila kitu kinanuka."

Nilikuwa nimeshika kiberiti. Mlango wa nje ukafunguliwa. Alikuwa Seche, amekuja kuchukua nguo zake zilizobaki. Hata hodi hakumaliza.

"Wifi, usiwashe! Gesi! Usiwashe!"

Wasomaji wenzangu... kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba njiti ilikuwa imeshawaka aliponipigia kelele. Polisi niliwaambia hivyo. Mume wangu nilimwambia hivyo. Si kweli. Nilimsikia vizuri. Nilimgeukia, nikamwona, na ndani yangu kitu kikasema, nani huyu wa kuniamuru ndani ya nyumba yangu?

Nikawasha.

Moto haukutoa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mtu anayekung'uta shuka. Mimi nilirushwa mlangoni, nyusi zikaungua na mkono wa kulia. Nilitambaa nikatoka nje. Nilitoka, jamani! Nilitoka bila mtoto wangu!

Aliyeingia ni Seche. Alipita juu yangu, akaingia kwenye ule moto, akamlalia Tabitha, akamfunika kwa kifua na kanga yake, kisha akatoka naye amemkumbatia. Kanga ilikuwa inawaka mgongoni. Majirani wakaja na ndoo za maji na mchanga. Tabitha aliungua sikio moja na nywele kidogo. Seche aliungua mikono yote miwili, shingo, na shavu la kushoto.

Hospitali, daktari aliyenifunga mkono aliniuliza swali la kawaida tu. "Hukusikia harufu ya gesi?" Nikamwambia kwamba kwangu kila kitu kinanuka mpira ulioungua, nitajuaje kipi ni gesi? Akaacha kufunga bandeji. Akaniuliza tangu lini. Nikajikuta namweleza yote... moyo kudunda, kusahau, nywele, usingizi, kutotulia. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa hata kidogo! Aliniuliza kama niliwahi kulazwa kwa korona. Akasema wameshaona wengi waliotoka wodini wakabaki na hali hizo kwa miezi, wengine zaidi, na pua kunusa kombo ni moja ya hizo.

"Hujalogwa, mwalimu," akasema. "Unaumwa. Mbona hukurudi kliniki?"

Ugonjwa ulikuwa na maelezo siku zote, na maelezo yalikuwa kwenye kliniki niliyoikimbia!

Nikaanzishiwa matibabu. Nilipimwa moyo, nikafundishwa kupumua, nikafundishwa kuizoeza pua kwa kunusa limao na karafuu asubuhi na jioni. Shule ilinipunguzia vipindi. Polepole naendelea, ingawa nyama bado siwezi.

Bado lilikuwepo lile neno nililolisema sebuleni. Neno halina kliniki.

Mkono wangu ulipopona nilikwenda Ihumwa kwa shangazi yake Daudi, nikapiga magoti, nikasema nilisema uongo, nilikuwa mgonjwa. Alinipa chai. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimekuamini. Lakini ukoo ni mkubwa. Utakwenda kwa kila mmoja?" Miezi michache baadaye Daudi alioa kwingine. Mama Jesca, yule rafiki yangu, alikuwa wa kwanza kusimulia mtaani kwamba mimi ndiye mwenye kichaa.

Seche alirudi kwa mama yao. Nilimfuata. Mama mkwe alinipokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akaondoka akatuacha. Seche alikuwa anachambua karanga kwa vidole visivyokunjuka vizuri. Shavu lake... Mungu wangu. Nilianza kusema naomba msamaha, akanizuia.

"Niambie kitu kimoja tu, wifi. Siku ile ulinisikia?"

Ningeweza kumdanganya. Nilishawadanganya wote, na yeye mwenyewe aliwaambia polisi kwamba alichelewa kufika, maana yake alikuwa ananifichia siri.

"Nilikusikia," nikasema.

Vidole vikaacha karanga. "Nilijua," akasema. "Nilitaka nione kama utasema."

Akaniambia Tabitha aende kwake kila likizo, yuko radhi. Mimi nisije tena mpaka atakaponiita mwenyewe. Hakusema kwa hasira. Sasa ni mwaka wa pili. Tabitha huenda, hurudi amenona na nyimbo mpya. Mimi sijaitwa.

Elia nilimweleza ukweli nilipotoka huko. Alirudi kulala chumbani, lakini kuna mambo ameacha kuniuliza. Nimemwambia pia kwamba naandika haya.

Ndugu zangu, nawasihi! Kama ulilazwa ukatoka, na mwili wako haujawa wako tena, rudi kwa daktari. Usijikaze kwa aibu kama mimi. Waambie wa nyumbani, na wewe wa nyumbani, mwenzako akikuambia bado anaumwa, usimwambie ameshapona. Na usimtafute mchawi kati ya watu waliokuuguza. Nilipokuwa sina nguvu ya kushika kijiko, aliyekuwepo ni mmoja tu, na mimi ndiye niliyemwangamiza. Kama na wewe unaye wa namna hiyo, na kuna neno ulimrushia, nenda leo ukalitengue. Mimi kati ya neno langu na ule moto nilikuwa na wiki mbili tu, nikaziacha zipite.